Vidole vya Mwizi wa Nyavu

Gustave Kalenga hakuwa na glavu. Hakuwa na mkataba wa kazi, wala karatasi yoyote yenye jina lake na muhuri. Hakuwa na ndugu wa damu upande huu wa ziwa, hakuwa na mtumbwi, hakuwa na shemeji Mzambia wa kumsemea mbele za watu. Hakuwa na shamba zaidi ya kipande cha muhogo nyuma ya nyumba yake pale Kafutuma. Na tangu upepo wa Juni ulipoanza kuvuma kutoka ziwani, kila asubuhi kwa muda wa saa nzima, hakuwa na vidole. Vyote kumi vilionekana, lakini vinane vilikuwa vimekufa. Ngozi ya juu iligeuka majivu, na upande wa kiganja ukawa mweupe kama muhogo uliomenywa. Ungeweza kuvichoma kwa mwiba asijue.

Alichokuwa nacho ni jekihama. Hiyo ni nyundo kubwa ya upepo ya kupasulia miamba. Mtu huiinamia, huikumbatia kwa mikono miwili, nayo humtikisa mpaka meno. Gustave alikuwa ameishika miaka sita kwenye machimbo ya mawe ya kampuni ya barabara, na usiku, hata akiwa amelala, mikono iliendelea kuvuma.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumatatu, saa ya chakula. Wafanyakazi walipanga mstari kunawa. Maji yalikuwa ya kijito, baridi ya kuuma. Gustave alinawa, akakaa kwenye duara kuzunguka beseni la bukari, ugali wa muhogo, akanyoosha mkono kumega tonge kama wengine. Mikono yote ikasimama.

"Muangalie ile mikono," mmoja alisema.

Fanwell Kabaso, kapitao wao, yaani msimamizi, alikuwa amesimama kando ndani ya koti nene, kikombe cha bati cha chai amekikumbatia kwa viganja viwili. Huyo hakula na watu. Tangu apewe ukapitao alikula peke yake ndani ya gari.

"Weye Kongomani, sogea," alisema. "Hapa batu banakula. Mumuwekee yake pembeni."

"Ju ya nini, kapitao?"

"Unajua ju ya nini. Lackson Katongo alifunga dawa ku nyavu yake. Kila mutu kwenye soko alisikia."

Kila mtu alisikia, ni kweli. Kwenye pwani hii ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, mvuvi anayeibiwa samaki nyavuni huenda kutafuta dawa, akaifunga kwenye kamba ya wavu, kisha akatangaza hadharani: mkono utakaogusa samaki wangu utakufa kidole kimoja kimoja. Lackson alitangaza mwezi wa tano, baada ya nyavu zake karibu na kisiwa cha Chisenga kukombwa mara tatu. Mwezi wa sita vidole vya Gustave vikaanza kufa. Hakuna aliyehitaji ushahidi zaidi, hasa kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa mgeni.

Walimmegea bukari yake kwenye kifuniko cha ndoo, wakakisukuma kwa ncha ya kiatu. Gustave alimtazama Valère, mwenzake wa jekihama, mtu wa kijiji kimoja naye kule Kongo. Valère aliinamia beseni akala haraka haraka, vidole akivificha chini ya tonge.

*

Nyumbani habari ilikuwa imetangulia. Orpha, mkewe, alirudi sokoni na beseni la vitumbua limejaa vilevile kama lilivyotoka. Wanawake walikuwa wamemwambia kwamba hawali mafuta yaliyoshikwa na nyumba ya mwizi. Mmoja alikigusa kitumbua kwa kijiti.

Nyuma ya Orpha alikuja shangazi yake, Mama Dorica, amefunga wembe mpya kwenye pindo la kitenge.

"Nitakuchanja, nipake dawa, mambo iishe," alisema. "Leta mikono."

"Mama, miye siko mwizi."

"Sikukuuliza kama uko mwizi. Dawa nayo haiulize. Leta mikono!"

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mawingu na upepo uliingia kwa chini ya mlango. Gustave alichoka kubishana. Aliweka mikono mezani, na Mama Dorica akachanja shina la kila kidole, mikato miwili miwili. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini, kwa watoto wenye degedege na wanawake wenye mgongo. Alipomaliza kidole cha nane alirudi kutazama cha kwanza. Hakikutoka kitu. Ngozi ilikuwa imefunguka safi, kama gome la mti, na ndani hapakuwa na tone.

Wembe ulimdondoka.

"Damu ilikimbia," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mutu aungame. Miye sitie dawa hapa, itanirudia."

Orpha alimgeukia mumewe. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa hajawahi kumtazama hivyo.

"Gustave, uniambie kweli. Ulienda Chisenga?"

Alijua jibu. Alijua kwamba tangu usiku waliovuka kukimbia vita, na mtumbwi wa mbele yao ukapinduka, mume wake hakukanyaga tena chombo cha majini, hata wakati wa kiangazi. Alijua, na bado aliuliza. Swali hilo lilimuuma Gustave kuliko wembe, maana wembe hakuusikia.

Ni Claire, binti yao mkubwa aliyekuwa anamalizia sekondari, aliyeweka kikombe cha chai mbele ya baba yake, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Gustave alikizungushia mikono ili tu asimtazame mtu. Alikaa hivyo muda. Kisha akaanza kuuma meno. Moto ulikuwa unapanda kutoka kwenye kucha, kama siafu walioingia chini ya ngozi. Vidole vikavimba, vikawa vyekundu, na mikato yote kumi na sita ikafunguka kwa mara moja. Damu ilitiririka kwenye kikombe, ikafuata ukingo wa meza, ikadondoka sakafuni.

Mama Dorica alishatoka nje, kitenge mkononi. Orpha hakukimbia. Alikuwa mpishi, mtu anayejua kazi ya moto na kazi ya baridi. Alisimama akitazama damu na kile kikombe.

"Saa sita, jua likiwaka, bidole byako iko bya mutu," alisema polepole. "Asubui inakufa. Ukinawa maji, inakufa. Sasa dawa gani ya mwizi inaogopa chai?"

*

Kwenye kliniki mganga aliyekuwa zamu ni Vanessa Chisanga, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Kwanza aligombana nao juu ya wembe. Aliosha mikato, akaifunga, akamchoma Gustave sindano ya pepopunda, na muda wote huo hakuacha kusema. Kisha akamgeukia Gustave, akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliuliza.

"Ba tata, mnafanya kazi gani?"

"Ninapasua mawe. Na jekihama."

"Miaka mingapi?"

"Sita."

Chisanga aliweka kalamu chini. Alimwambia afumbe macho, akampa kifungo cha shati mkononi, akamuuliza ameshika nini. Gustave alisema ni punje ya mahindi. Alimpa funguo. Gustave alisema hajashika kitu.

"Fumbua," alisema mganga, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Mashine ikikutikisa miaka, mishipa ya damu ya vidole inaumia. Inakuwa na woga. Ikiona baridi kidogo inajifunga, damu haipiti. Na mishipa ya fahamu, ya kusikia unachogusa, nayo inakufa. Huu ni ugonjwa wa kazi. Umeandikwa kwenye vitabu vya serikali."

"Nikipumzika wiki mbili itaisha?"

"Hapana. Ukiiacha mashine leo, weupe unaweza kupungua. Ganzi inaweza kubaki. Ukiendelea kuishika, utafika siku usiweze kufunga suruali yako mwenyewe." Orpha aliangalia pembeni. Siku hiyo ilikuwa imeshafika. Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga. "Mikono ikae kwenye joto. Glavu za sufu, chupa ya maji moto ndani ya soksi. Na mwili pia, siyo mikono tu. Tumbaku uache, inakaza mishipa ileile. Kuna vidonge vya kuifungua, hapa sina, nitawaagizia kutoka boma."

Aliandika cheti, akapiga muhuri, na kabla ya kukitoa akakishikilia.

"Hiki kinasema nilichokiona. Ofisi ya fidia watataka barua yako mwenyewe. Na watataka kujua kama ni mmoja au ni wengi. Mashine haichagui, ba tata. Kama ni mashine, wenzako wanao."

"Hawatasema."

"Basi watakuita mwizi mpaka uzikwe," alisema Chisanga. "Anayefuata!"

*

Fanwell Kabaso alisoma cheti akiwa ofisini, ndani ya kontena la chuma, akakirudisha mezani kwa kiwiko kama kitu chenye uchafu.

"Karatasi ya mwanamuke," alisema. "Yangu njo hii hapa."

Ya kwake ilikuwa imekwisha kuchapwa. Ilisema kwamba Gustave Kalenga anaacha kazi kwa hiari yake, kwa sababu ya ugonjwa wa nyumbani usiohusiana na kampuni.

"Saini hapa, upate mushahara wa mwezi, uende. Ukikatala, ninakuweka kwenye kazi laini."

"Kazi gani laini?"

"Kuosha malori. Asubui, na maji ya kijito."

Watu waliosimama mlangoni walicheka. Gustave aliwageukia. Valère alikuwamo, na Parfait, mshikaji wa zamani wa jekihama ya pili.

"Valère, ndugu yangu. Onyesha mikono yako."

"Yangu iko muzuri."

"Usiku unalala na mikono chini ya mke wako. Ulinambia mwenyewe."

"Sikusema kitu! Usiniingize mu mambo yako ya Chisenga," alisema Valère, akaziingiza ngumi zake ndani ya kwapa.

"Saini, mutu," alisema Fanwell. "Chai yangu inapola."

Gustave alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Asubuhi ilikuwa ya baridi na kontena lilikuwa la chuma. Kalamu ilibingirika chini ya vidole vyake. Aliifuata, ikabingirika tena, ikaanguka. Aliinama, akaipapasa sakafuni kama kipofu, na vicheko mlangoni vikazidi. Alikuwa mtu mzima alipojifunza kuandika, miaka miwili ya jioni kwenye benchi la watoto kanisani, na saini yake ilikuwa kitu cha pekee alichowahi kujivunia mbele ya watu wa ofisi. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya buti za Fanwell Kabaso.

Ndipo, akiwa huko chini, alipoona. Kapitao alikuwa ameketi juu ya mkono wake mmoja. Mwingine ulikuwa umebanwa kwenye kikombe cha bati kinachotoa mvuke. Gustave alikumbuka koti lile ambalo halivuliwi na chakula kinacholiwa ndani ya gari. Akakumbuka pia majivuno ya Fanwell mwenyewe, kwamba kabla ya kuwa kapitao alishika jekihama miaka tisa bila kuchoka.

Alisimama. Aliichukua ile karatasi kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba yai.

"Nitaisomea nyumbani," alisema.

*

Jumamosi ni siku ya samaki. Lackson Katongo aliteremsha sanduku lake la barafu ufukweni, akavua kofia, akaanza kuita. Watu wote wa machimbo walikuwapo, na wake zao. Hapa mnunuzi humchagua samaki kwa mkono wake mwenyewe. Huchimba kwenye barafu, hubonyeza jicho, hufungua shavu. Mtu anayemwambia muuzaji amchagulie ni mgonjwa au ni mjinga, naye hupewa samaki wa jana.

Gustave alikuja na Orpha. Njia ikafunguka mbele yao, siyo kwa heshima.

"Ah! Mwizi amekuja kurudisha," alisema Lackson.

"Nimekuja ku barafu yako," alisema Gustave. "Ulisema dawa yako inaua mikono ya mutu mwenye kuiba. Vwala, mikono njo hii. Nitatia mikono yangu humu. Na kila mutu wa jekihama atie yake. Ikikufa ya miye peke yangu, ni dawa yako, nitakulipa nyavu zote. Nyumba yangu ile kule, utachukua bati ya paa."

Orpha alishtuka, suala la bati hawakuwa wamelizungumza. Lackson alimpima mtu huyu kwa macho. Hakumpenda, ila alitaka mwizi wake kwa dhati.

"Tia," alisema.

Gustave alizamisha mikono. Alihesabu mia moja, akaitoa. Kelele ilipanda ufukweni. Watu wa nyuma walipanda juu ya mitumbwi ili waone. Vidole vinane, vyeupe mpaka kiungo cha pili.

"Valère," aliita Gustave.

"Miye siko hapa kwa muchezo."

"Nenda!" Sauti hiyo ilikuwa ya mke wa Valère, na mtoto mgongoni. "Kama iko muzuri, unaogopa nini? Nenda, ama usirudi kwangu!"

Valère alikwenda akitukana. Alitia mikono, akaitoa, na hakuitazama. Hakukuwa na haja. Mkewe aliziba mdomo kwa kitenge. Baada yake Parfait alikuja bila kuitwa, mzee wa miaka hamsini na moja, akatoa mikono miwili iliyokuwa kama mishumaa.

Wakati huo Fanwell Kabaso alikuwa anashuka kwenye gari lake, hajui kitu. Alikuja moja kwa moja sandukuni, mikono mfukoni.

"Ba Lackson, shani, habari? Unichagulie tatu kubwa."

"Leo mukwai, bwana, mutachagua wenyewe," alisema Lackson.

"Unichagulie, nina haraka."

"Nimekuuzia samaki miaka mine. Hujatia mukono hata siku moja. Nilizania ni majivuno." Lackson aliinua kifuniko hadi mwisho. "Tia, ba kapitao. Njo weye ulinambia ni nani mwizi wangu."

Fanwell aliwatazama watu. Hakuna aliyesogea. Alitoa mkono wa kuume, akauchovya kwenye barafu, akanyakua samaki, akataka kuurudisha mfukoni. Lackson aliudaka kwenye kifundo, akaushikilia pale juu, samaki angali ananing'inia. Walingoja. Weupe ulianza kwenye ncha, ukashuka taratibu mbele ya macho ya watu wote, mpaka vidole vikaachia na samaki akaanguka mchangani.

"Nyavu yangu ni mbili tu," alisema Lackson. "Kumbe bezi ni ine, na mumoja iko na gari."

Watu walicheka, kicheko kibaya cha watu waliodanganywa. Lackson hakumwomba Gustave msamaha. Alimwokota samaki, akamfuta mchanga.

"Basi mwizi wangu angali na bidole bizuri," alisema kwa hasira. "Mutoke mbele ya biashara yangu."

*

Barua ilichukua siku tatu. Claire alitaka kuiandika, baba yake akakataa. Aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu chini, akashika chupa ya maji moto ndani ya soksi mpaka vidole vikubali, kisha akaandika mwingine. Herufi zilikuwa kubwa na zilitetemeka, lakini zilikuwa zake. Kuacha tumbaku kulimfanya mkali, na mara mbili alimfokea Orpha bure, naye Orpha akamfokea vilevile.

Siku ya tatu, mchana, Fanwell alisimama mlangoni. Hakukaribishwa, akaingia.

"Nimesikia umeandika jina yangu."

"Niliandika majina ine. Yako ni ya mwisho."

"Uitoe. Kampuni ikisikia kapitao iko na ugonjwa, wananitosha ku kazi kesho. Nitakurudisha kazini. Kazi ya kulinda lango, hakuna mashine, hakuna maji."

Orpha aliacha kusonga bukari. Kazi ya lango ilikuwa mshahara, na vitumbua vilikuwa bado haviuziki.

"Na Valère?" aliuliza Gustave. "Na Parfait? Nao kuna malango?"

"Hao si kazi yako."

"Sikuandika weye ni mubaya, kapitao. Ningeweza. Niliandika uko mugonjwa."

"Ni kitu kimoja! Unaniua!"

"Ulikuwa unajua," alisema Gustave. "Siku ulisema waniwekee chakula changu pembeni, bidole byako ilikumbatia kikombe ya moto. Ulikuwa unajua kabisa."

Orpha alimega bukari iliyokuwa ikifuka moshi, akaweka mchuzi pembeni, akamwandalia mgeni. Alimwandalia kwenye kifuniko cha ndoo. Akakiweka sakafuni na kukisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kikafika kwenye buti zake.

Kapitao alikitazama kifuniko. Kisha akatoka, mikono mfukoni, na gari lake likaondoka kwa kelele.

"Kazi ya lango," alisema Orpha, bila kumtazama mumewe. "Mungu atusaidie na kichwa chako."

"Leta bukari kidogo."

Alimpa tonge dogo la moto. Gustave alikunja barua pamoja na cheti cha kliniki na ile karatasi ambayo hakuisaini, akavitia kwenye bahasha, akapaka bukari kwenye ukingo kwa kidole cha shahada, iwe gundi. Ilikuwa ya moto, naye alisikia joto lake, mbali, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo. Alibonyeza mpaka ikashika.

Alipanda lori la muhogo hadi boma la Nchelenge, glavu za sufu mikononi. Mbele ya posta alizivua ili atoe bahasha mfukoni. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na alipofika kwenye sanduku vidole vilikuwa vimekwisha kwenda. Aliingiza bahasha kwenye tundu, akafungua mkono. Hakujua kama ameiachia. Kwa vidole vile hapakuwa na tofauti kati ya kushika na kutoshika. Alikaa hivyo, mkono ndani ya sanduku la serikali, watu wakipita na kumshangaa, akatega sikio mpaka aliposikia bahasha ikigonga chuma cha chini.